Epafrodito aliugua akiwa kazini

Somo: Wafilipi 2:25-30



Ukiingia katika ofisi ya muuguzi kiongozi wa idara ya tiba, karibu hospitali yoyote, utakuta ubao wenye karatasi zilizobandikwa. Ipo ratiba ya zamu. Lipo jina la daktari aliyehamishiwa mkoa mwingine, la muuguzi aliyekwenda masomoni, la dada aliyejifungua ambaye wenzake wanachangishana wampelekee zawadi, na la mzee wa usafi anayestaafu mwisho wa mwezi. Hizo ni habari za wafanyakazi. Mgonjwa hazisomi, na sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa wetu tunazipita bila kuzitazama.

Mlipuko wa ugonjwa unapoingia, ubao hubaki uleule lakini habari zake hubadilika. Fulani amewekwa karantini. Fulani majibu yake bado hayajatoka maabara. Zamu ya usiku ina pengo la watu watatu, nani atajitolea? Kisha siku moja panabandikwa karatasi yenye picha, jina na ratiba ya mazishi. Hapo ndipo tunapokumbuka kwamba anayetuuguza naye ana mwili kama wetu, ana mama, ana watoto, na virusi havimbagui kwa sababu amevaa koti jeupe.

Leo naomba tutafakari habari hizo za wafanyakazi. Huenda ukadhani hazina nafasi katika Neno la Mungu. Zimo, na Mtume Paulo ndiye aliyeziandika.

Kanisa la Filipi lilisikia kwamba Paulo yuko kifungoni. Wakakusanya msaada, wakamchagua ndugu yao mmoja, Epafrodito, aupeleke na abaki kumhudumia. Akaenda. Akiwa huko akaugua, tena akaugua sana, nusura afe. Habari zikarudi Filipi kwamba yule tuliyemtuma kuhudumia yuko taabani. Na Epafrodito mwenyewe aliposikia kwamba watu wa nyumbani wamejua, akasononeka zaidi, maana hakutaka wahangaike kwa ajili yake. Kila aliyewahi kufanya kazi wodini anaielewa hali hiyo. Muuguzi akipata homa, jambo la kwanza analoomba ni kwamba mama asiambiwe kwanza.

Tazama jinsi Paulo anavyoitoa habari hiyo. Kwanza, haifichi. Anasema wazi kwamba ndugu huyu aliugua na alikaribia kufa. Pili, hasemi kwamba aliugua kwa kukosa imani, wala hatafuti dhambi iliyosababisha. Anasema aliugua kwa sababu ya kazi ya Kristo, kwa kuwa alihatarisha maisha yake ili kutimiza huduma ambayo wengine hawakuweza kuifika. Tatu, anakiri kwamba kifo chake kingekuwa huzuni juu ya huzuni kwake yeye Paulo. Mtume aliyefundisha ufufuo haoni aibu kusema kwamba angelia. Nne, anamrudisha nyumbani. Na tano, anatoa agizo: mpokeeni kwa furaha, na watu wa namna hii wapeni heshima.

Mambo hayo matano yanatosha kuwa kipimo chetu. Hebu tuyapime kwa habari ya kweli, iliyotokea hapa hapa kwa jirani zetu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, wagonjwa walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa miongoni mwa waliokufa mapema. Mganga mkuu wa hospitali hiyo, Dkt. Matthew Lukwiya, hakuwepo. Alikuwa Kampala akisoma shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Alipigiwa simu, akarudi. Akapitia mafaili ya wagonjwa, akasoma miongozo iliyokuwepo kuhusu homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, na akafikia hitimisho kwamba ugonjwa huu unaweza kuwa Ebola. Hakungoja jibu la maabara. Wodi ya kuwatenga wagonjwa ilianza kazi, na katikati ya mwezi huo maabara ya Afrika Kusini ikathibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Inafaa tujue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa Mwacholi, mzaliwa wa eneo hilohilo, mwenye elimu ambayo ingemwezesha kufanya kazi mahali penye utulivu na mshahara mnono. Alibaki Gulu katika miaka ya vita vya waasi. Mwaka 1989 waasi walipoingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa, alijitoa yeye achukuliwe badala yao, akatembezwa porini kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Tena hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti aliyeongoza hospitali ya Kikatoliki, na hakuna aliyeona ajabu, maana mgonjwa anayetokwa damu haulizi daktari wake anasali kanisa gani.

Wodi ile ilihitaji watu. Ebola huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, kwa hiyo anayemwosha, anayembadilishia shuka na anayesafisha sakafu wako hatarini kuliko mtu anayepita mlangoni. Waliitwa wa kujitolea, wakajitokeza. Walivaa gauni, aproni, barakoa na glovu, wakafuata masharti. Hata hivyo wenzao walianza kuugua, mmoja baada ya mwingine. Habari za wafanyakazi zikawa habari za misiba. Mwishoni mwa Novemba wafanyakazi kadhaa walikufa katika muda mfupi sana, na hapo uvumilivu ukafika mwisho. Mamia ya wauguzi na wafanyakazi wengine walikusanyika wakisema imetosha, hospitali ifungwe.

Ndugu msomaji, usiwahukumu. Sisi tuliokuwa mbali tunaweza kuhubiri ujasiri kwa urahisi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wale walikuwa wamewazika wenzao waliokula nao chakula cha mchana wiki iliyotangulia. Dkt. Lukwiya naye hakuwahukumu. Alikaa nao, akawasikiliza kwa muda mrefu, akazungumza nao. Aliwaambia kwamba yeye atabaki, na kwamba hospitali ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena. Aliyasema hayo mtu waliyemjua kwamba alishawahi kujitoa kwa waasi kwa ajili ya wengine, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Wakarudi kazini.

Siku chache kabla ya mkutano ule, muuguzi mmoja aliyekuwa amelazwa wodini humo alizidiwa usiku, akawa anatokwa damu na kuhangaika. Dkt. Lukwiya aliitwa, akavaa vifaa kinga kwa haraka, akaenda kumsaidia. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, macho yake hayakuwa yamekingwa. Muuguzi yule alikufa, na baada ya siku kadhaa daktari naye akaanza homa. Inasimuliwa kwamba aliomba, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akaacha mke na watoto watano. Alizikwa ndani ya eneo la hospitali, kando ya kaburi la Dkt. Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada aliyefanya kazi Lacor tangu mwaka 1961, akaambukizwa virusi vya Ukimwi akiwafanyia wagonjwa upasuaji, na kufariki mwaka 1996.

Mlipuko ulipomalizika mapema mwaka 2001, hesabu ilikuwa watu 425 waliougua na 224 waliokufa. Kati yao walikuwemo wafanyakazi zaidi ya kumi wa Lacor. Epafrodito alirudi nyumbani. Hawa hawakurudi.

Sasa turudi kwenye vile vipimo vya Paulo, na tujipime.

Tuanze na ukweli. Paulo hakuficha ugonjwa wa mtumishi wake. Katika milipuko, kishawishi cha kwanza ni kuficha. Hospitali inaogopa kukimbiwa na wagonjwa, familia inaogopa kutengwa, viongozi wanaogopa hofu mitaani. Lakini gharama ya kuficha hulipwa na muuguzi wa zamu ya usiku anayempokea mgonjwa bila kuambiwa anachokipokea. Dkt. Lukwiya aliokoa watu wengi kwa sababu alilitaja tatizo kwa jina lake mapema. Kristo alisema kwamba ukweli hutuweka huru. Wodini ukweli humfanya mtu avae glovu kwa wakati.

Hapa kwetu tuliona faida yake. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, ulitangazwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo mhudumu wa afya. Waliokutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa, na mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kwisha. Wagonjwa waliojulikana walikuwa tisa, na sita kati yao walikufa. Kila mmoja wa hao sita ana msiba wake nyumbani, lakini tunajua ugonjwa ule ungeweza kufika wapi kama watu wangenyamaza.

Kipimo cha pili ni imani na kinga. Kuna mahubiri tuliyoyasikia wakati wa UVIKO-19, na huenda tutayasikia tena, kwamba anayemwamini Mungu hahitaji barakoa. Ndugu zangu, hayo si mafundisho ya Biblia. Ibilisi alimpandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe, maana malaika watamdaka. Hata Maandiko aliyanukuu. Bwana alikataa, akajibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Kumpeleka muuguzi kwa mgonjwa wa kuambukiza akiwa mikono mitupu, kisha tukasema Mungu atamlinda, ni kumpandisha mtoto wa mwenzetu juu ya kinara kile. Kinga ni bora kuliko tiba, na anayenunua glovu za kutosha anaitii amri ya kumpenda jirani.

Kipimo cha tatu ni hofu. Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane alihuzunika, akaomba kikombe kimwepuke. Kama Mwana wa Mungu aliogopa bila kutenda dhambi, basi muuguzi anayetetemeka mbele ya mlango wa wodi ya waliotengwa hajamkana Kristo. Anayehitaji si karipio. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, vifaa, zamu inayoisha kwa wakati, na kiongozi anayeingia naye wodini. Wale wa Lacor hawakurudishwa kazini kwa barua ya onyo. Walirudishwa na kiongozi waliyemwona akifanya kazi ileile wanayoiogopa.

Kipimo cha nne ni heshima, na hapa ndipo tunapoanguka wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,000 duniani huenda walikufa kwa UVIKO-19. Katika mlipuko wa Ebola nchini Uganda mwaka 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba walikufa, akiwemo daktari Mtanzania aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Tuliwaita mashujaa. Kuna nchi ambako watu walisimama vibarazani jioni wakawapigia makofi. Ni vizuri, lakini makofi hayalipi ada ya mtoto.

Nchini Kenya, Desemba 2020, daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa UVIKO-19 alifariki kwa ugonjwa huohuo. Chama cha madaktari kilisema alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Mwezi huohuo madaktari waligoma, wakidai vifaa kinga na bima. Wapo waliowashutumu kwamba wamewaacha wagonjwa. Mimi nauliza swali la Yakobo katika waraka wake: ukimwambia ndugu yako aende kwa amani, akaote moto na kushiba, usimpe mahitaji ya mwili, imani yako inafaa nini? Ukimwita shujaa usimpe stahiki yake, sifa yako inafaa nini? Shukrani ya punda ni mateke, na mateke hayo sisi tumewapiga watu waliotubeba.

Tena heshima hiyo isiishie kwa madaktari. Paulo, katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, anaandika orodha ndefu ya watenda kazi wenzake. Anamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Anawataja Priska na Akila, waliokuwa tayari kukatwa shingo kwa ajili yake. Anawataja wengine wengi ambao hatujui chochote juu yao isipokuwa kwamba walijitaabisha. Wasomaji wengi huruka sura hiyo wakiona ni majina tu. Ni ubao wa habari za wafanyakazi. Roho Mtakatifu aliona vyema majina hayo yabaki. Katika wodi ya mlipuko, anayefua shuka, anayechoma taka, dereva wa gari la wagonjwa na kijana wa mochwari wanakutana na hatari ileile, mara nyingi wakiwa na mafunzo machache na mkataba wa muda. Orodha yetu ya heshima isiwasahau.

Na kuna ndugu zetu ambao heshima tuliyowapa ilikuwa kuwakimbia. Muuguzi anatoka zamu, mwenye nyumba anamwambia atafute chumba kwingine. Kondakta anamkatalia kupanda daladala kwa sababu ya sare. Mtoto wake anasukumwa pembeni shuleni. Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma aliyekuwa hajagusika kwa miaka. Sisi tunashindwa kumsalimia mtu mzima aliyetoka kumwokoa shangazi yetu.

Kipimo cha mwisho ni kupumzika. Paulo alikuwa bado kifungoni, na bado alimhitaji Epafrodito. Hata hivyo alimwachia arudi. Alijua kwamba aliyeuguza na kuugua anahitaji kuonwa na mama yake, kula chakula cha kwao, na kulala bila kuamshwa. Idara nyingi za tiba hufanya kinyume. Mlipuko ukiisha wageni wanaondoka, magari yanaondoka, na walewale waliobaki wanaambiwa warudi kwenye zamu ya kawaida kesho asubuhi, pengine bila hata ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Majonzi yasiyopewa nafasi hugeuka kuwa hasira kwa wagonjwa, ulevi, au barua ya kuacha kazi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wahenga walisema, lakini hata Mnyamwezi aliweka kambi njiani.

Basi tufanye nini sisi waumini tusio na koti jeupe? Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Jumuiya na usharika wako waujue wahudumu wa afya wake kwa majina, kuanzia mkunga wa zahanati hadi mfanya usafi wa hospitali ya rufaa. Mlipuko unapotokea, wapelekeeni familia zao chakula na msaada wa malezi, ili aliyeko karantini asihangaike na nyumba. Tii masharti ya mazishi hata kama moyo unauma kutomwosha marehemu, maana mwili uliooshwa kwa upendo umeshabeba wengi makaburini. Wasemeeni watumishi hao mbele ya wenye mamlaka, posho zao zilipwe na vifaa vinunuliwe kabla ugonjwa haujafika. Na mjane wa aliyekufa kazini asikumbukwe siku ya mazishi peke yake. Karo ya shule hudaiwa kila mwaka.

Nawe mtumishi wa afya unayesoma safu hii ukitoka zamu ya usiku, pengine ukiwa na usingizi kwenye basi, neno la Paulo ni lako. Anakuita ndugu, mtenda kazi pamoja naye na askari mwenzake. Kuugua kwako si aibu, hofu yako si dhambi, na kudai glovu si kukosa imani. Jina lako likitoka kwenye ubao wa idara, kwa uhamisho, kwa kustaafu au kwa lolote lile, bado limeandikwa kwa Bwana aliyesema kwamba nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe ulimhurumia Epafrodito akapona. Wahurumie wote wanaouguza wengine usiku wa leo. Uwapokee wale waliokufa kazini, uwafariji wenzi wao na watoto wao. Utupe sisi moyo wa kuwapa heshima wakiwa hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.